Kanga ya Bibi na Kitabu cha Mashairi: Historia Fupi ya Ubeti na Picha Huku Kwetu

Mwaka jana lilifika boksi la vitabu vya watoto kwenye hema letu la masomo. Sisi vijana tunaosaidia walimu tulilifungua kwa furaha, maana tulikuwa tunafundisha watoto wa miaka sita hadi tisa kwa ubao mmoja na vipande vya chaki. Vitabu vilikuwa vizuri kweli. Karatasi nene inayong'aa, rangi kali, na kila ukurasa una shairi fupi kwa Kireno. Tatizo lilikuwa picha. Mtoto amevaa koti na glavu anafinyanga mtu kwa theluji. Kikapu cha matufaha. Treni inapanda mlima. Watoto wetu walivishika, wakavinusa, wakafunua kurasa, na baada ya nusu saa wakaviacha wakatoka nje kuimba.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mfanyakazi wa misaada, mtu mwema. Akaniuliza: "Huku kwenu watoto wamewahi kuwa na mashairi yenye picha?" Nikamjibu upesi: hapana, sisi jambo hilo hatuna.

Jioni nikamsimulia bibi. Alikuwa anakunja nguo. Hakusema kitu. Alichukua kanga yake akaitandaza mkekani mbele yangu. Pindo pande zote nne, katikati korosho mbili kubwa, na chini ya korosho maneno.

"Hii nini?"

"Kanga, bibi."

"Isome."

Nikaisoma.

"Hiyo si picha? Na hayo si maneno ya kuimbika? Wewe, mjukuu wangu, kabla hujapelekwa skola ulijifunzia wapi herufi?"

Nikanyamaza. Kweli, herufi ya kwanza niliyoitambua maishani niliifuatisha kwa kidole kwenye kanga ya mama, nikiwa nimebebwa mgongoni. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mgeni lilikuwa la haraka na halikuwa la kweli. Makala haya ni jibu langu la pili.

Nguo inayosomwa

Kanga ilianza katika pwani ya Afrika Mashariki kwenye karne ya 19. Maneno yake, ambayo sisi tunayaita jina la kanga, yaliongezwa baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Hapa Palma na Mocímboa da Praia kanga nyingi zimekuja kutoka Tanzania, kwa majahazi na kwa migongo ya wafanyabiashara, na zimekuja na Kiswahili chake. Mama zetu wanavaa pia kapulana zisizo na maneno, lakini kanga ukimpa mtu, kwanza anauliza imeandikwaje.

Sisemi kanga ni kitabu cha watoto. Maneno yake mengi ni mafumbo ya watu wazima, ya wivu, ya shukrani, ya kumwambia jirani jambo bila kumwambia. Lakini tazama ilivyotengenezwa. Kuna fremu, kuna picha, kuna mstari mmoja mfupi unaokaa mdomoni. Mtoto wa pwani anazungukwa na kurasa za namna hiyo kila siku, zinatembea, zinachota maji, zinamfunika usiku. Kwa hiyo mtu akisema picha na ubeti ni mgeni kwetu, hajatazama kamba ya kuanikia nguo.

Chuoni

Shule ya kwanza ya watoto wa pwani hii ilikuwa chuo, yaani shule ya Kurani. Mtoto aliandika juu ya ubao kwa wino wa masizi, akasoma kwa sauti pamoja na wenzake, akishahifadhi anauosha ubao na kuanza upya. Karatasi ilikuwa chache. Kitabu kilikaa kichwani, na kilichokiweka kichwani ni mahadhi, kupanda na kushuka kwa sauti.

Herufi zile zile za Kiarabu zilitumika kuandika lugha zetu. Katika Nyaraka za Historia za Msumbiji, mjini Maputo, zipo barua za karne ya 19 walizoandika wakubwa wa kaskazini kwa herufi za Kiarabu, na nyingi ni za Kiswahili. Nataka vijana wenzangu walijue hilo, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kabla ya Mreno hapa hapakuwa na watu wa kuandika.

Na ushairi wa Kiswahili haukuwasahau watoto. Karibu mwaka 1858, kule Pate, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa beti zaidi ya 100. Alikuwa mgonjwa, akitaka mwanawe abaki na maneno yake. Miaka mingi baadaye Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa 1909 na kufa 1962, naye aliwatungia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mama mmoja na baba mmoja, wote wakiwa na jambo la kumwachia mtoto, wote wakaliweka katika utenzi. Hawakuchagua barua ya kawaida. Walijua kwamba barua inapotea, ila kilicho katika mizani kinakumbukwa.

Kilichokosekana katika tenzi hizo ni picha. Picha ilikuwa kwenye nguo, kwenye milango iliyochongwa, kwenye ukili wa mikeka, na kwa ndugu zetu Wamakonde kwenye mti wa mpingo na vinyago vya mapiko. Ubeti ulikuwa upande wake na picha upande wake. Kanga ndiyo iliyoviweka pamoja.

Mto Ruvuma unakuwa ukuta

Kuanzia 1891 hadi 1929 Cabo Delgado iliwekwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa. Hiyo ilikuwa kampuni ya kukusanya kodi ya kibanda na kupeleka watu kazi za kulazimishwa. Watoto hawakuwa biashara yake. Baadaye serikali ya Kireno ilifanya mkataba na Vatikani mwaka 1940, na kwa sheria ya 1941 elimu ya Waafrika ikaachiwa misheni za Kikatoliki. Kireno kikawa lazima darasani. Lugha za nyumbani ziliruhusiwa katika mafundisho ya dini. Kwa Waislamu wa pwani maana yake ilikuwa wazi: wengi waliona skola ni mlango wa kubadili dini, wakabaki na chuo.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikwenda tofauti. Waingereza nao walikuwa wakoloni, tusiwasafishe, lakini Kiswahili walikitumia shuleni. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na likawa uwanja wa mashairi ya watu wa kawaida. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, na vitabu vya shule vikafuata. Kwa hiyo watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja Mtwara na mmoja Palma, mmoja alisoma shairi la Kiswahili lililochapwa, na mwingine lugha yake hakuiona kitabuni hata siku moja. Kama aliiona ikiwa imechapwa, aliiona kwenye kanga.

Wakimbizi wa kwanza

Tunapoitwa deslocados tunadhani sisi ndio wa kwanza kukimbia. Sivyo. Baada ya mauaji ya Mueda, tarehe 16 Juni 1960, na zaidi baada ya vita vya ukombozi kuanza tarehe 25 Septemba 1964, makumi ya maelfu ya watu wa kaskazini walivuka Ruvuma kuingia Tanzania. Wengi waliwekwa katika makazi kama Rutamba, mkoa wa Lindi. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilifungua Taasisi ya Msumbiji mjini humo mwaka 1963, Janet Mondlane akiiongoza, na baadaye shule za Tunduru na Bagamoyo.

FRELIMO ilichagua Kireno kiwe lugha ya umoja, ili Mmakonde, Mmakua, Mmwani na mtu wa kusini wakae darasa moja. Naielewa sababu hiyo. Hata ushairi wao waliouchapa, kitabu cha Poesia de Combate cha mwaka 1971, ulikuwa kwa Kireno. Lakini katika makazi ya wakimbizi maisha yalikuwa kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na nyimbo zilikuwa kwa lugha zote hizo. Mzee mmoja hapa kambini alilelewa huko. Ananiambia walikuwa na kitabu kimoja kwa watoto wengi, kwa hiyo mwalimu aliwageuzia somo kuwa wimbo. Mpaka leo ukimuuliza hesabu ya mara saba, anaanza kwa kupiga goti kwa kiganja.

Nilimuuliza kama walichora. Akasema walichora chini, kwenye mchanga, kwa kijiti. Mvua ikinyesha somo linafutika. Wimbo haukufutika. Hapo nikaona jambo ambalo naomba wenzangu walifikirie: kila mara watu wetu walipokimbia, shairi lilikimbia nao, lakini picha ilibaki nyuma.

Uhuru ulipofika tarehe 25 Juni 1975, zaidi ya watu 9 kati ya 10 nchini hawakujua kusoma. Shule zikawa za taifa, kampeni za kufuta ujinga zikaanza, na lugha ilikuwa Kireno. Ilichukua hadi mwaka 2003 kwa mtaala mpya kuruhusu elimu ya lugha mbili, mtoto aanze kwa lugha ya nyumbani kisha ahamie Kireno. Kimwani, Shimakonde na Emakhuwa zimo katika mpango huo. Hatua kubwa. Ila mpango unataka vitabu, na vitabu vya watoto kwa Kimwani huvioni sokoni.

Picha inarudi

Wakati huo huo ng'ambo ya mto picha ilikuwa inatafuta njia yake. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu kabisa, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini. Alifariki 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na wanyama wake wa madoadoa leo wanaonekana katika vitabu vya watoto vya nchi nyingi. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ili watoto wapate vitabu vya Kiswahili vyenye picha za kwao. Baadaye, mwaka 2014, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini uliweka kwenye intaneti vitabu vya picha vya bure, Kiswahili kikiwamo, ambavyo mtu anaruhusiwa kuvitafsiri na kuvichapa mwenyewe.

Nayataja haya kwa sababu ya wale wanaofikiri kitabu cha picha lazima kitoke Ulaya ndani ya boksi. Rangi ya baiskeli tu, na kipande cha ubao, mtu wa Tunduru aliibadilisha picha ya Afrika Mashariki.

Kisha vita vyetu

Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Agosti 2020 mji ukatekwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Msomaji wa kambini haihitaji nimsimulie. Shule zilichomwa, wengine tulikimbilia Quitunda, wengine walipanda mashua kwenda Pemba. Wengine walivuka Ruvuma kama babu zao, na maelfu kati yao wakarudishwa upande wa Msumbiji kupitia Negomano.

Katika mizigo niliyoiona njiani sikuona kitabu cha skola hata kimoja. Niliona sufuria, mkeka, mtoto, Kurani. Na kanga, kila mahali kanga.

Tunavyofanya sasa, na makosa yangu

Baada ya somo la bibi nilikwenda kwa mwalimu wa darasa na wazo langu: tuwafundishe watoto kwa beti. Akakubali. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa. Watoto walishika ubeti kwa siku moja, wakasoma wote kwa sauti hadi hema likatikisika. Siku ya tatu nikampitia binti mmoja anayesoma vizuri kuliko wote, kidole kikienda mstari kwa mstari. Karatasi aliishika juu chini.

Hilo ndilo kosa la ubeti peke yake. Unakaa kichwani haraka mpaka jicho halina kazi. Chuoni tulilijua hilo tangu zamani, mtoto anahitimisha juzuu bila kuitambua herufi akiikuta mahali pengine. Picha ndiyo inayoamsha jicho.

Sasa tunakwenda hivi. Kwanza ubeti kwa mdomo, bila karatasi, tunapiga makofi kuhesabu mizani nane kwa kila mstari. Pili, kila mtoto anapewa karatasi moja. Karatasi ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, na ubeti wa utenzi una mistari minne. Basi kila mstari una ukurasa wake. Tatu, mtoto anachora kwanza, ndipo anaandika mstari chini ya picha yake. Nne, tunaandika mistari minne kwenye vipande, tunavichanganya, na mtoto anatafuta kipande cha kila picha. Hapo huwezi kudanganya. Mwisho anakwenda kumsomea mtu nyumbani, na mtu huyo anauliza maswali juu ya picha.

Ubeti wa kwanza tuliutunga na watoto wenyewe. Ni huu:

Nyumba yetu iko pwani,
Mnazi u mlangoni,
Na kuku wamo jikoni,
Na paka anawalinda.

Paka kuwalinda kuku ni mzaha wao, walicheka sana. Wakaanza kuchora. Katikati ya kazi mvulana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hapa tumekosea. Nyumba haiko. Ilikuwa."

Darasa likatulia. Mimi sikujua la kusema. Nikasema basi tujaribu, tuweke "ilikuwa". Tukapiga makofi: nyumba yetu ilikuwa pwani. Yakafika kumi. Tukarudia, kumi. Watoto wakabishana, wengine wanataka kuitoa pwani, wengine kuitoa "yetu". Yule mvulana akasikiliza wote, kisha akasema, "Haingii. Iache iko." Akainama akaendelea kuchora mnazi.

Sijui niite nini jambo hilo. Niliandika tu kwenye daftari langu, na ubeti umebaki vile.

Swali la wazazi

Wazazi walikuja, na walikuwa na haki ya kuja. Baba mmoja alisema: "Mwanangu, nyimbo za Kiswahili anazo nyumbani. Nimemleta apate Kireno. Bila Kireno hapati mtihani, hapati karatasi, na kule Afungi kwenye gesi hapati kazi." Maneno yake ni kweli tupu. Sitaki mtoto afungwe ndani ya lugha ya bibi kwa sababu mimi napenda mashairi.

Tulichofanya ni kuongeza mstari wa Kireno chini ya kila picha. Si lazima ulingane kwa vina. Mwalimu anauandika, mtoto anaunakili. Picha ni moja, lugha mbili. Darasani mwetu lugha ni nyingi: Mmwani anasema lake, Mmakonde lake, Mmakua lake, wote wakiitazama kuku yule yule. Kwa mtoto, neno la Kireno linakaa juu ya kitu anachokijua tayari, halielei hewani. Baba yule sasa ndiye anayesomewa kila jioni. Amesema mwanawe anapaka rangi sana kuliko kuandika, na tunalifanyia kazi.

Na vile vitabu vya theluji hatukuvitupa. Tumebandika vipande vya karatasi juu ya maneno yake, watoto wakatunga yao. Theluji waliamua ni chumvi, na yule mtoto mwenye koti, wanasema, ana homa.

Ombi langu

Kwa wafanyakazi wa misaada: asanteni kwa maboksi. Mkitaka kutusaidia zaidi, leteni karatasi tupu, kalamu za rangi na mashine ndogo ya kunakilia. Na mkileta vitabu, tuulizeni kwanza lugha na picha.

Kwa wazee: kila Alhamisi baada ya alasiri tunakusanya beti kwenye hema la masomo. Njooni hata na ubeti mmoja wa kumbembeleza mtoto, wa kuvuta nyavu, wa kutwanga. Njooni na kanga zenu za zamani tunakili maua yake. Wengi mliokwisha kufa njiani mliondoka na vyenu. Tuliobaki tusingoje.

Kwa vijana wenzangu: kitabu kimoja ni karatasi moja iliyokunjwa mara moja. Hakina uzito. Kikikunjwa mara ya pili na ya tatu kinaenea pale bibi anapofungia pesa zake, pembeni mwa kanga. Tuombe Mungu isije siku ya kukifunga huko, lakini ikija, safari hii picha nayo iende.